Kisiwa Tunachokiita Kule

Jumatatu, 28 Aprili 2025

…na ndivyo nilivyomjibu dada Janet, kwamba kuolewa si jambo la kuzoeleka upesi. Wiki mbili na siku mbili sasa, na bado nafurahi kama mtoto nikikuta viatu vya Dena mlangoni. Leo havipo. Shule zimefunguliwa, naye amerudi Ganze kwa wanafunzi wake wa darasa la sita. Atakuwa akija kila Jumamosi ya pili, barabara ikikubali. Nimelia kidogo nyuma ya jiko. Mama mkwe amepita na beseni akajifanya hakuniona, kisha akarudi na kipande cha muhogo wa kuchemsha, akanipa bila neno. Nikala huku nalia. Muhogo ulikuwa mtamu sana.

Daftari hili alinipa Janet siku ya harusi. "Mambo yako yaandike humu," alisema, "maana ukinipigia tena simu kunieleza jinsi Dena anavyokunja mikono ya shati, nitakata."

Dena hukunja mikono ya shati mara tatu, polepole, hadi hapa, kwenye kiwiko.

Mimi ni mtoto wa Vipingo. Baba yangu, Mzee Kyalo, alitoka Kitui akaja kukata mkonge, akatuzalia huko. Bahari nimeijua tangu utotoni, lakini hori kama hili la hapa Matsangoni sikuwahi kuliona: maji yanaingia mikokoni na kutoka, yanaingia na kutoka, kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Na kwenye mdomo wa hori kuna kisiwa. Ni kidogo, hakikaliwi na mtu, unakiona chote ukiwa umesimama mlangoni mwa jiko. Siku ya tatu ya fungate yetu Dena alinishika kiuno, akanionyesha kwa kidole. "Bamvua likija, maji yakikauka, tutavuka kwa miguu. Nitakupeleka Kule."

Sikuuliza kitu. Alikuwa amenishika kiuno.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Nguo hazijakauka. Nampenda Dena.

Jumamosi, 3 Mei

Leo amekuja Easter, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wapanda mikoko. Ni mtu wa bara kama sisi, ana duka la chakula cha kuku pale barabarani, na sauti yake hufika kabla yake. Kikundi kinataka hori letu lihifadhiwe na wenyeji, kama wenzetu wa Kuruwitu walivyofanya na bahari yao. Watu wa ramani wamekubali kusaidia, lakini wanataka kila mahali pawe na jina: kila mkondo, kila fungu, kila jiwe. Majina yatachorwa kwenye ramani na kuandikwa kwenye bango kubwa.

"Bibi harusi amemaliza kidato cha nne na ana mwandiko mzuri," Easter akasema. "Yeye ndiye karani."

"Na mume yuko Ganze," akadakia mmoja wa wenzake aliokuja nao, "mikono yake haina kazi."

Wakacheka hadi wakashikana. Nikaona haya, lakini nilifurahi. Nimepewa kazi katika kijiji cha mume wangu!

Jumanne, 6 Mei

Nimezunguka na fomu siku nzima, miguu imejaa matope. Sikujua kwamba matope nayo yana majina. Mlango wa Papa. Jiwe Chungu. Fungu la Wanawake. Nimeandika yote kwa herufi kubwa.

Kisiwa tu ndicho kilichonishinda. Nilimwuliza mama mkwe akimenya viazi: "Mayo, kile kisiwa kinaitwaje?"

"Kule?"

"Ndiyo, kule."

"Ni Kule tu, mwanangu."

Nikawauliza wake wa ami zake Dena, nyumba tatu za mji huu, maana huku boma la ukoo huitwa mji. Kule, Kule, Kule. Mmoja alicheka akajifunika mdomo kwa leso. "Si ungoje mumeo aje umwulize?"

Nimwulize Dena? Hapana! Hapo ndipo nilipopata wazo, na moyo ukanidunda hata kalamu ikaanguka. Kumbe kisiwa changu hakina jina! Tangu dunia iumbwe kimekaa pale kinangoja. Nikaandika: *Hakina jina. Jina linalopendekezwa: Kisiwa cha Fungate.* Nikatia sahihi.

Sitamwambia Dena. Atalikuta kwenye bango. Wajukuu wetu watauliza nani alikipa jina zuri hivyo, naye atanionyesha kwa kidole, mimi na mvi zangu.

Jumapili, 11 Mei

Alikuja jana, ameondoka leo. Alileta mahindi mabichi na shati lisilo na vifungo viwili. Nimevishona vifungo nikiwa nimeliweka shati puani. Mara mbili nusura siri initoke.

Nataka kuandika pia habari ya baba mkwe, ambaye sisi sote tunamwita Mzee. Alikata mawe timboni miaka mingi, na mgongo wake umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Hatuzungumzi sana. Mke wa mwana na mkwe wake huku wana adabu yao: namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, basi. Lakini juzi aliona nimeteleza kwenye matope ya mlango wa jiko. Leo asubuhi nimekuta jiwe jeupe limechongwa, limelazwa pale liwe ngazi. Hakusema ni la nani. Amesema kwa hewa tu, "Litahitaji la pili."

Alhamisi, 15 Mei

Mvua, mvua. Kuni mbichi. Macho yananiwasha kwa moshi, na bado naimba.

Jumamosi, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Baraza la majina lilifanyika leo chini ya bati la kanisa. Walikuja watu kama sabini. Kutoka kwa watu wa ramani alikuja Okoth, mwanamume mpole mwenye mabuti ya mvua na makaratasi ndani ya mfuko wa nailoni. Alisema karani asome orodha kwa sauti, ili hata wasiojua kusoma wasikie na wapinge kama lipo la kupinga. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa leso yangu ya harusi.

Nikasoma Mlango wa Papa, wakaitikia. Jiwe Chungu, wakaitikia. Fungu la Wanawake, wakaitikia. Kisha nikasoma, na nilikuwa nikitabasamu, Mungu anisamehe: "Kisiwa kidogo mdomoni mwa hori. Hakina jina. Linalopendekezwa ni Kisiwa cha Fungate."

Easter akapiga kigelegele. Alikuwa peke yake. Kigelegele cha mtu mmoja ni kitu cha kutisha.

Nikaona wanawake wa mji wetu wameinamisha vichwa wote. Mzee mmoja anayeitwa Mramba akasimama. "Nani kasema hakina jina?"

Okoth akaitazama fomu. "Karani wenu mwenyewe, mzee. Tena naona ni wa nyumba ya huko huko karibu."

Watu wote wakamgeukia baba mkwe. Alikuwa ameketi nyuma. Akachukua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi, akatoka kwenye mvua.

"Mwenyewe kanyamaza," Mramba akasema akiketi. "Mimi ni nani?"

Okoth akaeleza kwamba orodha itasomwa tena mara ya mwisho Jumamosi ya 21 Juni. Aliyeandika ndiye atakayesahihisha, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Lisilosahihishwa siku hiyo litakwenda kwenye ramani na bango jinsi lilivyo.

Nilirudi nyumbani na orodha kifuani kama mtu aliyeiba. Mzee hakula nilichopika. Si kwa hasira. Alisema tu, "Nimeshiba," na alikuwa hajala tangu asubuhi.

Jumatatu, 19 Mei

"Shikamoo, Baba." "Marahaba." Hakuna zaidi. Jiwe la pili la ngazi liko nyuma ya choo, limechongwa nusu.

Jumanne, 20 Mei

Nusu bado.

Alhamisi, 22 Mei

Leo mama mkwe amenikalisha kando ya kinu. "Umelia vya kutosha," amesema. "Sasa sikiliza."

Nimeandika hapa kama alivyonieleza.

Jina la Mzee alirithi kwa babu yake, na jina la babu yake ndilo jina la kisiwa. Wanawake walioolewa katika mji huu hawalitamki. Si woga, ni heshima, ndivyo walivyofundishwa. Watoto nao hawamtaji baba yao kwa jina, kwa hiyo Dena naye amekua akisema Kule. Ndiyo maana niliuliza nyumba nne nikapata jibu moja. Mimi, na kidato changu cha nne, nilichukua adabu yao nikaiandika kwenye fomu: hakina jina.

"Lakini mbona Mzee hakusema mwenyewe barazani?"

"Asimame aseme kisiwa kina jina lake? Watu watasema anakitaka. Bora afe."

Kisha akanipa habari ya huyo babu. Wakati wa wazee hao iliingia ndui. Aliyeugua alipelekwa kisiwani, akae hadi apone au asipone, asije akaambukiza wengine. Babu alikuwa kijana mzima, ndoa yake ina miezi miwili. Mkewe aliitwa Kabibi. Malengelenge yakamtoka, wakamwambia avuke. Yule kijana akambeba mgongoni. Wazee wakamwambia ukivuka naye hurudi hadi tukuite. Akasema sawa. Hakuwa na doa hata moja mwilini, na akavuka.

Maji yakitoka, wanawake walikwenda kuweka unga na mtungi wa maji kwenye fungu la mchanga katikati, kisha wanarudi nyuma, naye anakuja kuchukua. Fungu la Wanawake! Nimeliandika kwa mkono wangu na sikuuliza wanawake gani. Kila asubuhi aliwasha mioto miwili, mmoja wake, mmoja wa mkewe, ili watu wa huku wahesabu moshi wajue wote wawili wako hai. Asubuhi moja moshi ulionekana mmoja tu. Kijiji kikaanza kulia. Kumbe kuni zilikuwa zimelowa!

Miezi mitatu. Wakarudi wote wawili, Kabibi akiwa na makovu usoni na jicho moja limekufa. Watu wakakiita kisiwa kwa jina la yule kijana, maana ndiye mtu pekee asiye mgonjwa aliyewahi kwenda huko kwa hiari. Kijiji kizima kiliweza kulitaja isipokuwa Kabibi, kwa sababu mke hataji jina la mumewe. Yeye akasema Kule. "Tulipokuwa Kule." "Kuni za Kule." Alipozeeka aliomba azikwe Kule, akazikwa. Wake wa wanawe wakasema Kule, na wake wa wajukuu, hadi mama mkwe, hadi mimi.

Jina lenyewe mama mkwe hakulitamka; alimwita mtoto wa jirani akaninong'oneza sikioni. Hata hapa kwenye daftari mkono wangu unasita kuliandika jina lile, na daftari halina masikio.

Nilitaka kukipa kisiwa jina la mapenzi. Kilikuwa nalo tayari, kubwa kuliko langu, na nimelifuta.

Jumamosi, 24 Mei

Dena amekuja. Nimemwambia yote kabla hajavua viatu.

Akavua kiatu kimoja. "Ungeniuliza tu, Phoebe."

"Nilitaka iwe zawadi."

"Zawadi ya jina la wazee wangu?"

Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha kwa sauti ile. Nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Baadaye akaja, akakunja mikono ya shati mara tatu, akachukua sufuria nyingine safi, akaanza kuiosha. Tumeosha vyombo safi vyote vya nyumba hii. Tulipofika kwenye kikaango akasema, "Hata mimi ningetamani kuliona jina lako kwenye bango." Nikamlowesha shati lote kwa machozi.

Jumapili, 1 Juni

Kanisani Easter aliniomba radhi kwa kile kigelegele. Nikamwambia hana kosa. "Nalijua hilo," akasema, "lakini koo langu lina aibu."

Jumanne, 3 Juni

Nimemwuliza mama mkwe kama hakuna njia kabisa ya mke wa mwana kulitaja jina.

"Ipo. Mwenye jina akupe kitu mkononi, aseme: taja. Ulimi umefunguliwa."

"Wewe aliwahi kukupa, Mayo?"

"Mimi?" Akacheka hadi akauacha mchi. "Miaka thelathini na moja namwita Mzee. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, hana hata ndevu, nilikuwa namwita Mzee!"

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba akinoa tindo. Nikapiga magoti pembeni, macho chini.

"Baba, nimekosa. Nililiita tupu jambo lililojaa. Nataka kusahihisha, lakini siwezi bila ruhusa yako. Nipe kitu mkononi."

Tindo likaendelea kwenye jiwe, kwaru, kwaru.

"Nyamaza tu," akasema hatimaye. "Yatapita. Nikilitetea, nitaambiwa nataka ardhi."

"Wewe ndiyo, utaambiwa. Mimi je? Mimi ni binti Kyalo wa Vipingo, nimefika hapa juzi. Nikilisema mimi, nani atasema nakitaka kisiwa?"

Tindo likasimama. Nikangoja. Akaniambia mvua inakuja nikaanue nguo, na kweli ilikuwa inakuja.

Jumapili, 8 Juni

Dena alikuja jana akaondoka leo. Amezungumza na baba yake uani. Sijui waliambiana nini. Dena anasema walizungumza kuhusu bei ya saruji.

Ijumaa, 13 Juni

Mafua. Nimekunywa tangawizi.

Alhamisi, 19 Juni

Jiwe la pili bado nusu. Keshokutwa ndiyo baraza. Nimeamua nitasimama na kusema jina nililoandika si sahihi, hata kama nitakwama hapo hapo nichekwe. Bora pabaki patupu kwenye bango kuliko pabaki Fungate.

Jumapili, 22 Juni

Jana sikuweza kuandika. Mikono ilikuwa na kazi, na mtaona kazi gani.

Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Dena alikuja mapema kutoka Ganze, matope hadi magotini, akasimama ukutani mahali ambapo ningemwona. Mzee aliketi nyuma kabisa, na kando yake palikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa gunia. Nilipoanza kusoma, kikapu kikasema, "Kwe-kwe-kwe."

"Mlango wa Papa."

"Kwe!"

"Huyo naye ana jina la kupendekeza?" akauliza Mramba. Kanisa zima likacheka, hata Okoth, hata mimi.

Nikafika kwenye kisiwa. "Hapa karani alikosea," nikasema. "Niliandika hakina jina. Kina jina. Kinalo tangu zamani za ndui, na sisi sote tuliozoea kula chaza za hori hili tunaishi kwa sababu watu wa wakati ule walijua kupendana bila kuambukizana. Jina lake ni…"

Nikakwama. Okoth akaishika kalamu juu ya karatasi. "Jina lake ni?"

Nilisikia mvua juu ya bati. Nilimwona Dena akikunja mkono wa shati ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Kisha nikaona watu wanapisha njia. Mzee alikuwa anakuja, mgongo umepinda, kikapu mkononi. Akatoa kuku mwekundu, akanipakatisha mbele ya watu wote.

"Taja, mwanangu," akasema.

Kuku alikuwa na joto, moyo wake ukipiga mbio kama wangu.

"Kwa Kiponda," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia: "Kisiwa kinaitwa Kwa Kiponda!"

Vigelegele havikuwa vya mtu mmoja. Okoth akauliza ninavyotaka liandikwe, nikamwambia, kisha nikamwuliza kama fomu ina nafasi ya jina la pili. Ilikuwa nayo. Nikamwambia aandike Kule, kwa sababu ndivyo alivyokiita mwanamke aliyebebwa hadi huko mgongoni, na ndivyo wanavyokiita wanawake wote waliomfuata. Mzee alikuwa ameshageuka kurudi mahali pake. Akasimama. Hakutazama nyuma, lakini aliivua kofia.

Nyumbani kikapu kilitoa kuku wa pili, mweupe. Mzee akampa mama mkwe bila hotuba. "Na wewe. Nimechelewa."

Mama mkwe akamkumbatia kuku, akafungua mdomo, sote tukangoja. Akasema, "Asante, Mzee."

Dena alicheka hadi akakaa chini.

Lakini leo asubuhi, kabla ya kanisa, nilisikia nyundo nyuma ya nyumba, na sauti ya mama mkwe jikoni ikaita kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya: "Kiponda! Uji unapoa!"

Nyundo ikanyamaza. Kisha akaja, anatembea haraka kuliko mgongo wake unavyomruhusu, na uso wa mtu wa miaka ishirini na minne.

Jumatatu, 23 Juni

Jiwe la pili limelazwa. Nimepanda na kushuka mara sita bila sababu.

Jumanne, 24 Juni

Bibi Kabibi, ukurasa huu ni wako.

Mimi ni Phoebe, mke wa Dena, kitukuu chako. Nilitaka kuchukua mahali pako bila kujua kwamba upo, na wewe ukanivumilia. Leo jioni mvua imekatika, nakuona kutoka mlangoni, nimesimama kwenye ngazi mbili. Mzee anasema bamvua linaanza keshokutwa. Wanafunzi wa Dena wanapumzika katikati ya muhula kuanzia siku hiyo hiyo, na Jumamosi maji yatakauka hadi Fungu la Wanawake na kupita. Mama mkwe anasaga unga wa kukuletea. Mimi nitabeba kuni, na nimeziweka juu ya jiko tangu jana ili zikauke vizuri, maana nimesikia kilichotokea mara ile.

Dena anasema atanibeba mgongoni kwenye mkondo. Nitamwacha anibebe. Tutawasha mioto miwili, na Mzee na mkewe watakaa huku mlangoni kuhesabu moshi.

Tunakuja Kule kabla mwezi haujaisha.